Bolti imekatikia ndani ya injini: uanze na njia ipi, na ipi uiache mwisho

Kila aliyewahi kufungua injini nyumbani anaijua ile "tak!" fupi na kavu ya bolti iliyokubali kulegea. Bolti inayokwenda kukatika haitoi sauti hiyo. Inaanza kwenda laini, unahisi kama unazungusha mpira, spana inasogea lakini bolti haitoki nje hata kidogo. Ukiendelea robo mzunguko tu, kichwa kinabaki ndani ya soketi na mwili unabaki ndani ya injini.

Yangu ya kwanza ilikuwa bolti ya kifuniko cha themostati, ya spana namba 10, kwenye gari dogo la nyumbani Tanga. Ilikuwa Jumamosi alasiri na nilitaka gari liwe tayari kwa safari ya Jumatatu. Nilikimbia dukani nikanunua izi auti (kijichuma kigumu cha kuingiza kwenye tundu la bolti iliyokatika ili kuizungusha itoke), nikatoboa kisiki cha bolti, nikaigongea ndani, nikazungusha. Ikakatikia mle mle. Sasa shimo lilikuwa na bolti, na ndani ya bolti kulikuwa na chuma kigumu kuliko biti yoyote ya drili niliyokuwa nayo. Kazi ya saa mbili ikawa ya wiki nzima, mpaka fundi wa kuchomelea alipokuja kuniokoa.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha njia za kutoa bolti iliyokatika nauliza swali moja kabla ya mengine: njia hii ikishindwa, itaniachia nini? Mafuta yakishindwa, kila kitu kipo kama kilivyokuwa. Izi auti ikishindwa, inakufungia karibu njia zote zilizobaki. Watu wengi hununua izi auti kwanza kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa jina la kazi yenyewe, na hapo ndipo injini nyingi za nyumbani zinapoumia.

Jua kwanza ni bolti ya namna gani

Chukua dakika kumi uitazame kabla ya kugusa kifaa chochote. Ilikatika ukiwa unaifunga au unaifungua? Iliyokatika wakati wa kukaza, hasa kwa kukazwa kupita kiasi, mara nyingi mwili wake ndani uko huru. Kilichokuwa kinaibana ni kichwa kilichokandamiza kifuniko, na kichwa kimeshaondoka. Bolti kama hiyo nimewahi kuitoa kwa ncha ya msumari, nikiisukuma pole pole kinyume cha saa. Iliyokatika wakati wa kufungua ni habari nyingine. Hiyo imeshikwa na kutu au na chumvi mwilini mzima.

Kisha uliza imeingia kwenye chuma gani. Sumaku itakujibu: chuma cha kalibu (kilichomiminwa kikiwa kimeyeyuka) kinaishika, alumini haiishiki. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyoko kwenye Probox nyingi na baadhi ya Vitz, bloku na silinda hedi vyote ni vya alumini. 1KZ-TE ina bloku ya chuma cha kalibu na hedi ya alumini. Dizeli za zamani kama 5L ni chuma cha kalibu juu na chini. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Bolti ya chuma ndani ya alumini haishikwi na kutu nyekundu peke yake. Vyuma viwili tofauti vikikutana na maji yenye chumvi vinafanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kwenye meno ndio mabaki yake. Pwani yetu hewa yenyewe ina chumvi. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yameshapita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi majira ya baridi kabla hata ya kupanda meli. Na anayejaza radieta maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) anazikaribishia bolti za themostati na pampu ya maji ugonjwa huo kutoka ndani.

Mwisho, kisiki kimebaki wapi: kimetokeza nje, kiko sawa na uso, au kimezama shimoni? Na ni cha ukubwa gani? Kwa magari mengi ya Japani, kichwa cha spana namba 10 kina mwili wa milimita 6, namba 12 ni milimita 8, namba 14 ni milimita 10. Ile ya milimita 6 ndiyo inayokatika mara nyingi, na ndiyo isiyosamehe kosa.

Nikizipanga njia zenyewe kwa lile swali langu, zinakaa hivi:

| Njia | Inapofaa | Ikishindwa inakuachia |
|---|---|---|
| Mafuta na kugonga | Bolti yoyote, mwanzo wa kazi | Kila kitu kama kilivyokuwa |
| Joto | Kutu, gundi ya bolti, bolti ndani ya alumini | Bolti ileile, mradi hukuzidisha |
| Praizi ya kujifunga | Kisiki kimetokeza | Kisiki kifupi zaidi |
| Kuchomelea nati | Kisiki kiko sawa na uso au kimezama kidogo | Bolti ileile. Unarudia na nati nyingine |
| Drili | Umeme wa kuchomelea haufai pale | Shimo, na huenda limekwenda upande |
| Izi auti | Bolti isiyoshikwa na kutu | Chuma kigumu katikati ya shimo |
| Shabu | Kifaa cha alumini kilichotolewa kwenye injini | Siku kadhaa zilizopita bure |

Mafuta au joto?

Nianze na mafuta kwa sababu hayana hasara. Kazi yake ni kupenya kwenye upenyo mwembamba ulio kati ya meno ya bolti na meno ya shimo, na upenyo huo hauna haraka. Napuliza jioni, nagonga, nalala, napuliza tena asubuhi. WD-40 iliundwa kwa ajili ya kufukuza unyevu, na hilo ndilo jina lake linalosema. Inasaidia, lakini yapo mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu na kwa kazi hii nayaamini zaidi. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Yanapenya vizuri. Yatikise kila unapotumia kwa sababu yanajitenga, na kumbuka kuwa asetoni inashika moto upesi: chupa hiyo iwe mbali kabisa kabla hujawasha gesi.

Kugonga ndiko kunakosahauliwa. Weka senta panchi (chuma chenye ncha cha kupigia alama) katikati ya kisiki, gonga mara kumi au kumi na tano, mapigo ya wastani. Kinachotakiwa ni mtikisiko wa kuvunja kutu, na mapigo mengi madogo yanautoa kuliko pigo moja la hasira. Kwenye masikio membamba ya alumini punguza zaidi nguvu, maana alumini iliyopasuka ni tatizo kubwa kuliko bolti.

Joto linafanya kazi mbili tofauti kulingana na chuma. Alumini ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo pale, unapasha moto mwili unaozunguka bolti, si bolti. Shimo linapanuka kuliko kilichomo ndani yake. Lakini alumini ina tabia mbaya: haibadiliki rangi kukuonya. Safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi za injini huanza kulegea chini ya hapo, huku machoni bado inaonekana ileile. Mimi natumia tone la maji. Likidondoka likachemka na kurukaruka, joto linatosha, naondoa moto.

Kwenye chuma cha kalibu, kisiki na mwili vinapanuka karibu sawa, kwa hiyo hesabu ile haipo. Hapo ukiwa na gesi ya oksijeni na asetilini unapasha bolti yenyewe mpaka iwe nyekundu, kisha unaiacha ipoe. Ikipata joto inataka kupanuka lakini shimo linaizuia, inajibana. Ikipoa inasinyaa na kuacha kutu imepasuka. Ikiwa bado ya moto, gusa mshumaa pembeni mwa bolti: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Nilipoona mara ya kwanza ile nta ikizama na kutoweka, niliacha kulidharau dawa hili la wazee wa gereji.

Ukiwa na muda, tumia vyote: mafuta usiku, ufute yakauke, joto asubuhi, mshumaa. Angalia tu kilicho jirani kabla ya kuwasha: bomba la petroli, waya, sili za mpira. Na kama umesafisha kwa dawa ya kupulizia ya breki, soma kopo. Zile zenye klorini zikikutana na moto au cheche za kuchomelea hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoua.

Kisiki kimetokeza: praizi, tindo au nati mbili

Hapa sitakaa sana. Kama kimetokeza milimita 5 au zaidi, kaza praizi ya kujifunga, ile ya vaisi gripu, mpaka isogee kwa shida, na uende mbele na nyuma. Usivute upande mmoja tu. Robo nyuma, robo mbele, mafuta, tena. Kama ni stadi (bolti isiyo na kichwa) yenye meno mazima, funga nati mbili juu yake, zikazane zenyewe kwa zenyewe, kisha ufungue kwa kutumia ile ya chini. Kama kimetokeza kidogo sana, kata mfereji kwa msumeno wa chuma uingize bisibisi bapa, au gonga ukingoni kwa tindo kuelekea kinyume cha saa.

Onyo moja: praizi ikiteleza mara mbili, simama. Kila ikiteleza inakula kisiki, na kisiki hicho ndicho nati itakachohitaji kushika ukija kuchomelea.

Kuchomelea nati dhidi ya kutoboa kwa drili

Huu ndio uamuzi wenyewe, na hapa nina upande. Kama kuna mtu wa kuchomelea anayeweza kufika au gari linaweza kumfikia, na bolti inaonekana kwa macho, ningechomelea kabla ya kutoboa. Sababu ni lile swali langu. Nati ikikatika, unasaga, unaweka nyingine. Nimeona stadi ya ekzosi ikikataa nati nne na kutoka na ya tano, kwa sababu kila uchomeleaji ni joto jipya linaloingia kwenye bolti yenyewe, mahali hasa linapotakiwa. Kila jaribio linaisaidia linalofuata. Drili ni kinyume chake: kosa la jaribio la kwanza linabaki kwenye shimo.

Inavyofanyika: safisha kisiki king'ae. Kama kimezama kidogo, jaza kwanza kwa nukta za kuchomelea mpaka kitokeze. Kwenye alumini hofu ya wengi ni kwamba kijiti kitaunganisha bolti na hedi. Chuma kinachoyeyuka kutoka kwenye kijiti hakishikani na alumini, kwa hiyo ukikilenga katikati ya bolti kitapanda juu ya bolti tu. Ukikosea kulenga, hata hivyo, moto wa umeme unaitoboa alumini, kwa hiyo mkono uwe wa mtu anayeijua kazi. Weka wosha juu ya kisiki iukinge uso, ichomelee, halafu weka nati juu ya wosha uchomelee kwa ndani. Nati iwe na tundu kubwa kidogo kuliko bolti ili moto ufike chini. Kwa kisiki cha milimita 6 nati ya 8 inafaa. Isiwe iliyopakwa zinki, maana moshi wake ni sumu. Kama huna nyingine, isage rangi ile yote na ufanye kazi hiyo nje penye upepo.

Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nati ikiwa nyekundu, chuma ni laini, ukizungusha unaikata. Iache wekundu upotee kabisa, gusa mshumaa, halafu spana, mbele na nyuma, milimita kwa milimita. Mara nyingi kitu cha kwanza unachosikia ni mlio mwembamba wa kukwaruza. Huo mlio ni habari njema.

Kabla ya kuwasha mashine: toa vichwa vyote viwili vya betri, ukianza na hasi, na chomoa kompyuta ya injini kama inafikika. Kibano cha ardhi kifungwe kwenye injini ileile, karibu na bolti, ili umeme usizunguke kupitia beringi au sensa. Funika bomba za mafuta kwa kitambaa kibichi na mwenzio asimame na mtungi wa kuzimia moto.

Sasa drili. Kuna mahali haiepukiki: bolti imezama sana shimoni, petroli iko jirani, au hakuna umeme wa kutosha pale ulipo. Tatizo lake ni katikati. Bolti ya milimita 6 ina kiini cha chini kidogo ya milimita 5, na biti ya kutobolea meno ya shimo hilo ni ya milimita 5 kamili. Hakuna nafasi ya kukosea. Ukienda upande kwa nusu milimita tu, biti inakuwa inakula meno ya alumini upande mmoja na kuacha chuma upande wa pili, na biti inapenda alumini kwa kuwa ni laini, kwa hiyo inazidi kukimbilia huko.

Njia ya kulitibu hilo ilinifundisha fundi wa kukereza vyuma. Rudisha kifuniko chenyewe au flanji ya manifodi mahali pake kwa bolti nyingine zilizo nzima. Tundu la kifuniko sasa liko juu ya kisiki, limesimama wima na liko katikati bila kupima. Akakereza kibomba kidogo cha chuma kinachoingia kwenye tundu hilo bila kucheza, chenye tundu la milimita 3 katikati. Biti ikapita humo. Nilipofungua kutazama, nukta ilikuwa katikati kabisa ya bolti, mahali ambapo jicho langu na senta panchi havijawahi kufika. Kibomba hicho bado ninacho kwenye kopo la nati.

Kama huna kibomba, saga kwanza uso wa kisiki kwa tupa uwe bapa, piga senta panchi, angalia kutoka pande mbili, rekebisha alama kabla ya biti. Anza na 3, panda polepole, mafuta ya kukatia wakati wote, drili mwendo wa chini. Tumia biti zinazokata kinyume cha saa, kama utazipata. Drili inarudi nyuma, biti inavuta bolti upande wa kufungukia, na mara kadhaa bolti hutoka yenyewe imeganda kwenye biti kabla hujafika mwisho. Biti hizo zikishindwa zinakuwa zimekuachia shimo la kawaida tu, kwa hiyo kwangu zinaipita izi auti mbali sana.

Ukifika kipenyo cha mwisho (5 kwa bolti ya 6; 6.8 kwa bolti ya 8 yenye meno ya 1.25, yaani yaliyoachana milimita 1.25; 8.8 kwa bolti ya 10 yenye meno ya 1.25) kilichobaki ni kama springi nyembamba ndani ya meno. Ichokonoe kwa ncha kali, ivute kwa koleo ndogo, pitisha tapu (kifaa cha kukatia meno ya shimo) kusafisha.

Izi auti: wapi inafaa

Fikiria hivi. Spana ilishika kichwa kizima, bolti nzima ya milimita 6 ikakatika, na meno hayakulegea. Sasa unatoboa tundu la 3 katikati yake na kuingiza kijichuma chembamba kuliko bolti, ukitegemea kitafanya lililoshindikana. Zaidi ya hapo, izi auti iliyosokotwa ina umbo la kabari. Kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyotanua kisiki na kukibana zaidi shimoni. Ndiyo maana inakatika, na ikikatika ni chuma kilichofanywa kigumu kwa moto, biti ya kawaida inateleza juu yake.

Inafaa kwa ile bolti iliyokatika wakati wa kukazwa, ikiwa huru ndani, na ikiwa kubwa, milimita 10 kwenda juu. Hapo inafanya kazi vizuri. Chagua zile zilizonyooka zenye mifereji badala ya zilizosokotwa, hazitanui sana. Kwa bolti ya 6 iliyoliwa na kutu, ningeiacha dukani.

Shabu, kwa mwenye siku mbili tatu

Shabu ileile inayouzwa sokoni, inayopakwa baada ya kunyoa na kutumika kutuliza maji ya matope, inayeyusha chuma na kuiacha alumini. Mafundi saa wameitumia siku nyingi kutoa skrubu za chuma zilizokatikia kwenye shaba. Kwa kifuniko cha themostati au kifaa kingine kidogo cha alumini kilichokwisha tolewa, ni njia ninayoipenda kwa sababu haiharibu hata jino moja la shimo. Inakula hata biti au tapu iliyokatikia ndani.

Saga shabu, iyeyushe kwenye maji ya moto mpaka yasikubali zaidi, kwenye chombo cha kioo au plastiki ngumu. Zamisha kifaa, kisiki kikielekea juu ili vipovu vitoke. Vile vipovu vidogo vinavyopanda mfululizo kutoka kwenye bolti ndiyo kazi yenyewe. Vikikoma, kwangua uchafu mweusi, badilisha maji. Yakiwa ya moto inakwenda haraka, yakiwa baridi inachukua siku. Fanya nje, mbali na moto, maana vipovu hivyo ni haidrojeni.

Usizamishe silinda hedi nzima. Ina siti na gaidi za valvu ambazo si alumini. Na bolti ya chuma cha pua haitaliwa kwa urahisi.

Wakati wa kuacha

Kama huoni shimo moja kwa moja kwa macho, kama ni bolti ya hedi iliyokatikia chini kabisa ya bloku, au kama tayari kuna izi auti ndani, funga kifaa kwenye gunia ukipeleke karakana ya kukereza vyuma. Wana mashine inayosimama wima bila kutikisika, na karakana kubwa zina mashine ya kutoboa kwa cheche za umeme isiyojali chuma ni kigumu kiasi gani. Anayekwenda kabla hajaharibu hulipia kazi ndogo.

Meno yakiharibika

Una njia mbili: kupanua shimo utumie bolti kubwa zaidi, au kuweka helikoili. Kwenye chuma cha kalibu, kama stadi ya ekzosi, kupanda kutoka 8 kwenda 10 ni sawa ikiwa pana nyama ya kutosha na unaweza kupanua tundu la flanji. Kwenye alumini nachagua helikoili bila kusita. Ni springi ya chuma cha pua inayokaa kwenye meno mapya mapana zaidi, nawe unarudisha bolti ya kipimo kilekile. Kwa kuwa mzigo sasa unaenea kwenye alumini nyingi zaidi, meno hayo yanakuwa imara kuliko yale ya kiwandani. Nunua seti yenye biti na tapu yake, kwa sababu tapu ya helikoili si tapu ya kawaida ya namba hiyo. Gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili usiitegemee mahali penye joto na mkazo.

Ukirudisha, tumia bolti mpya, na urefu uleule. Ndefu kidogo itagota chini ya shimo uidhani imekaza. Shimo lisilotokea upande wa pili lipulizwe liwe kavu, kwa kuwa mafuta yaliyobaki chini hayana pa kwenda bolti ikishuka, na yanaweza kupasua alumini. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye meno na upunguze kidogo nguvu ya kukaza, maana meno yenye grisi yanateleza na bolti inavutika zaidi kwa nguvu ileile. Bolti ya milimita 6 inataka takriban Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 takriban 25, isipokuwa kitabu cha injini kiseme vingine. Kumi ni kidogo kuliko mkono unavyodhani. Kwa racheti ndefu unaipita bila kuhisi, na mimi huikaza kwa racheti fupi nikiishika karibu na kichwa, kisha namalizia kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza.

Na zile jirani zake zilizobaki, zilikaa kwenye chumvi ileile kwa miaka ileile. Usiziguse siku hiyo. Zipulize mafuta, gonga kila kichwa mara kumi, ziache zilale. Kesho anza kwa kuikaza kila moja kidogo sana, kama upana wa ukucha, isikike "tak!", ndipo uanze kuifungua.